Mpini Mnene

Baba yangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na juu ya jujitsu ya Kibrazili maoni yake yalikuwa mafupi: watu wazima kugaragazana chini wakivutana nguo. Hakunikataza kwenda. Alinyamaza tu, na kwa mtu msemaji kama yeye, kimya hicho kiliniuma kuliko marufuku.

Nilishindwa vibaya mashindano yangu ya kwanza. Mwalimu akasema nikajenge nguvu. Sasa nguvu ningeijengea wapi? Jumba letu la mazoezi lilikuwa na tufe moja tu la chuma lenye mpini, lile wanaloliita kettlebell, na sisi tulikuwa kumi na mmoja. Ukilibembeza katikati ya miguu, mwenzako anakuhesabia huku anakuonea gere. Nilimlalamikia mama jikoni, baba akiwa sebuleni amejifanya kasinzia.

Wiki mbili baadaye nikakuta tufe mlangoni pa chumba changu. Limepakwa rangi ya kijivu iliyobaki kwenye mageti ya watu, limeandikwa 16, kilo zake.

Kituko kilikuwa mpini. Baba alikata bomba nene la maji, akalipinda, akalichomelea. Ukilishika, vidole havikutani na gumba. Nilipolipeleka jumbani, wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Wakalibatiza Sufuria. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Mzee wangu kazoea mageti," nikawaambia. "Kipimo cha mkono wa mtu hakijui."

Lakini nilikuwa na lipi jingine? Kila asubuhi nililibembeza nyuma ya jikoni. Viganja vikachubuka, vikaota sugu. Miezi ikapita, na siku moja nikamshika mtu kola, akahangaika kunibandua mpaka akachoka mwenyewe. Tangu hapo wakaniita Gundi, na sifa zote nikajipa mimi. Jamani, siku zile! Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kusafishia mikeka, moyo unanirudi kule, na ninazitamani kwelikweli.

Miaka ishirini na miwili imepita. Mwaka huu baba alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia, mkono wa kazi, ukakakamaa. Mtaalamu wa viungo alituambia wazi kwamba asipoufanyisha mazoezi miezi hii, utabaki hivyo hivyo. Akampa kimpira cha kubana. Vidole vya baba havikukunjika vya kutosha, kimpira kikawa kinaanguka kila mara mbele ya mama, na mzee akaona aibu. Akakisukumia chini ya kitanda na kusema yeye si mtoto. Mama akanipigia simu analia, nikaja.

Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne uvumilivu ukaniishia. Nikaingia karakana yake, nikapekua chini ya makopo ya rangi, nikarudi na Sufuria. Nikaliweka sakafuni katikati ya miguu yake pale alipoketi, nikamshika mkono wa kulia na kuuweka juu ya mpini. Unene ule ulimfaa. Vidole havikuhitaji kukunjika sana, vikatulia.

"Vuta, baba."

Akaniangalia kwa ile dharau yake ya zamani. "Hilo halivutwi kwa mkono. Ni nyonga. Si ndivyo mwalimu wako alivyokuwa anakukemea?"

Nikaduwaa. Baba hakuwahi kukanyaga jumbani kwetu. "Uliyasikia wapi hayo?"

"Kwenye yale mashindano yako ya kwanza. Nilisimama nyuma, mlangoni, na nguo zangu za kazi." Maneno yalimtoka polepole tangu augue. "Yule dada mrefu alikubandua mkono mara tatu. Mara ya nne akakukaba, ukapiga sakafu kukubali kushindwa. Nikaona kasoro ni mshiko. Nikaenda kutafuta bomba nene."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulijifungia bafuni ukafungulia maji ili tusikusikie unalia."

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, nililicheka tufe lako mbele ya watu."

"Najua. Mwalimu wako alikuja kutengenezewa geti, akanisimulia. Sufuria." Upande mzima wa mdomo wake ukatabasamu.

"Nisamehe."

Alijisogeza ukingoni mwa kiti, akainama, akakaza nyonga. Sufuria likainuka upande mmoja, upana wa kidole, kisha likarudi chini kwa kishindo. Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, machozi yananitiririka.

"Unangoja nini?" baba akasema. "Hesabu."