Malighafi Inayoelea

Asubuhi kazini mke wa Shibe aliketi mahali pake kwenye meza ya nguo chakavu, akavuta shati la kwanza na kuanza kulitoa vifungo. Shati likitoka mikononi mwake halikuwa na kifungo wala zipu, na lilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kuchana, ambako mumewe alilisukumia ndani kwa fimbo. Upande wa pili lilitokea likiwa manyoya mepesi, tayari kusokotwa nyuzi za blanketi. Manyoya yaliyokataa kutulia yaliruka na kujaa banda zima, mpaka aliyekaa mwisho wa meza alionekana kama yuko nyuma ya pazia.

Watu wa banda hilo waliyaita unga. "Leo tumekula unga," waliambiana wakati wa kutoka. Shibe alipata jina lake hapo, kwa sababu kila jioni alimwambia mkewe asimpakulie, ameshashiba kazini. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Baadaye kweli akawa hali chakula.

Neno lililokatazwa lilikuwa vumbi. Uongozi ulishaeleza, kwa upole kabisa, kwamba vumbi liko getini yanakopita malori, ndiyo maana mlinzi wa getini alipewa barakoa. Ndani ya banda hakukuwa na vumbi. Kulikuwa na malighafi inayoelea, na malighafi haivaliwi barakoa.

Shibe alianza kukohoa uzi siku ya Jumanne, akinywa chai. Kikohozi kilimbana kama kawaida yake, akainama, na kwenye ulimi ikatokea ncha nyeupe. Mkewe alidhani imetoka kwenye kola ya shati, akaivuta. Ikaja. Akavuta tena, ikaja zaidi, na Shibe akashusha pumzi ambayo hakuwa ameipata tangu mvua za mwaka jana.

"Vuta, mama watoto," alisema. "Usiache, nasikia hewa."

Alivuta mpaka uzi ukamjaa mapajani. Wenzao walisogea na vikombe vyao kutazama, wakakubaliana kwamba ni uzi mzuri, haukatiki ovyo.

"Shemeji, taratibu," mmoja alimtania. "Usije ukamfumua mtu mzima."

Walicheka wote. Mke wa Shibe hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameshaliwaza hilo.

Nesi wa kiwanda alimpima Shibe na kusema uzi ni safi, hauna ugonjwa wowote. Basi mkewe akaenda kwa msimamizi, kijana mstaarabu ambaye hakuwahi kumpita mtu mzima bila salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naomba mume wangu ahamishiwe nje, kwenye kufunga magunia. Vumbi limemjaa kifuani, ataniachia watoto."

Msimamizi alitazama mlangoni kama mtu aliyetukaniwa mkwe. "Vumbi gani, mama?"

"Hili." Akamwonyesha bega la msimamizi mwenyewe, ambalo lilikuwa limeshakuwa jeupe tangu waanze kusalimiana.

Msimamizi alijipangusa. Kisha akauchukua uzi ambao mama alikuja nao mkononi, akaunyoosha, akauzungusha kidoleni, akaujaribu kwa meno. "Mama yangu, huu ni uzi. Vumbi halitoi uzi. Na kama ni uzi, umetoka kwenye malighafi yetu, kwa hiyo ni mali ya kiwanda. Sikulaumu, hukujua."

Jioni hiyohiyo Shibe aliletewa kiti na bobini kubwa ya kuzungushia uzi, vikawekwa kando ya mashine yake. Mkewe aliondolewa kwenye vifungo, akapewa kazi ya kuvuta. Uzi ule ukapangwa daraja la kwanza.

Shibe alizidi kuwa mwepesi. Mkanda uliingia matundu mapya, pete ikamtoka kidoleni wakati ananawa. Halafu, asubuhi moja, uzi ukabadilika rangi. Ulikuja wa kahawia, na mkewe, aliyezijua nguo zote zilizopita mezani pale, alijua hakuna shati la rangi hiyo. Ilikuwa rangi ya mgongo wa mkono wa mumewe. Aliogopa, akauachia uzi. Lakini akiacha kuvuta, pumzi ya Shibe ilikwama na midomo ikawa myeusi. Akivuta, Shibe alipumua, na alipungua.

"Pumzika kidogo, baba watoto."

"Nipumzike na nini? Vuta."

Ndipo ikasemekana wageni wanakuja kuona kiwanda kisichotupa kitu. Kila mtu alijua wageni wa namna hiyo wana uwezo wa kulifunga banda mpaka lisafishwe, na kwamba neno moja tu lingewatosha. Nyumbani Shibe na mkewe walikubaliana. Shibe akiulizwa, atalisema.

Mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja mpole. Alipewa barakoa getini, na alipoingia bandani akaivua kwa heshima. Alizunguka, akasifia, akafika kwenye kile kiti.

"Pole na kazi, baba. Humu ndani hamna vumbi?"

Shibe alifungua mdomo. Mkewe aliona jinsi anavyolitafuta lile neno kwa koo zima, mishipa imemsimama. Ukatoka uzi. Mgeni aliipokea ncha, akaisugua kwa vidole.

"Laini," alisema.

"Ni vumbi!" mke wa Shibe akapaza sauti. "Humu kumejaa vumbi, mama, linammaliza mume wangu!"

Mgeni alimgeukia msimamizi.

"Usishangae, mheshimiwa," msimamizi alisema, akitabasamu. "Sisi huku uzi huu tunauita vumbi. Utani wa kazini."

"Kumbe!" Mgeni alicheka, akampigapiga mke wa Shibe begani. "Basi hongereni. Vumbi lenu zuri sana."

Wakacheka wote waliofuatana naye. Tangu siku hiyo neno liliruhusiwa, na msimamizi mwenyewe alikuwa akilitumia, akipita asubuhi kuuliza vumbi limefikia wapi.

Lakini siku ile, msafara ulipokuwa unaelekea mlangoni, mke wa Shibe alisimama awafuate. Alikuwa bado na mengi ya kusema na mgeni alikuwa bado karibu. Shibe akamshika kanga. Hakuweza kutoa sauti, na midomo ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Mkewe alitazama mlango, akamtazama mumewe, kisha akaketi, akaokota ncha na kuvuta.