Kumbatio la Mkono Mmoja

Darasa langu la kibali cha kubeba bastola huwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa nyuma wa kituo cha zimamoto hapa Tarlow. Tunaanza na sheria za jimbo la Oklahoma, tunakwenda kulenga shabaha, tunamalizia na saa moja ya adabu. Hiyo saa ya adabu ndiyo inayowaleta watu kwangu badala ya kwa yule jamaa anayefundisha kule barabara kuu. Kulenga shabaha hata mlevi atafundishika. Kubeba bastola miaka thelathini bila jirani kujua, hapo ndipo penye kazi.

Nawaambia hivi: bastola yako haimhusu mtu. Huisemi, huigusi, huipapasi kuhakikisha ipo. Ipo, itakwenda wapi? Shati livae lililokuzidi kidogo. Kitu kikianguka huinami, unachuchumaa mgongo wima, ili shati lisipande. Mgahawani unatafuta kiti ambacho upande wako wa kulia utaelekea ukutani. Ukienda nyumbani kwa mtu asiyeitaka, unaiacha kwako, na hubishani naye. Na hufunui shati mbele ya watu, hata ukiombwa, hata kwa mzaha. Nimewatoa darasani wanaume wawili kwa kosa hilo, na mmoja wao ni shemeji yangu.

Halafu kuna kukumbatiana. Watu wa kwetu wanakumbatiana, wee acha tu! Kanisani, dukani, kwenye mechi za watoto, hata benki. Mtu akikupitishia mkono kiunoni ataigusa, atashtuka, na Jumatatu mji mzima utakuwa unajua. Kwa hiyo nina njia yangu. Kiwiko cha kulia kinashuka kinabana mbavu, nyonga ya kulia inarudi nyuma, mkono wa kushoto unapita juu ya bega la mwenzio. Unampiga mgongoni mara mbili, unatoka. Naonyesha kwa kumtumia Dub Pruett, rafiki yangu tangu shule, ambaye mwili wake ni wa kukumbatiwa na watu watatu.

"Mnamwona huyu?" huwa anawaambia. "Ananikumbatia kama anadhani nina upele."

Basi wanacheka, tunaendelea.

Mke wangu Wanda hakuhitaji kufundishwa. Alizoea kunijia kutoka kushoto, akalala kushoto, akatembea kushoto kwangu miaka thelathini na moja. Alifariki mwezi wa pili mwaka jana. Siku ya mazishi binti yetu, Shelby, alinijia pale kando ya kaburi amefungua mikono yote miwili, analia, na mimi nikashusha kiwiko, nikarudisha nyonga. Akaigusa hata hivyo.

"Hata leo, baba?" akasema. "Hata leo?"

Nilikuwa na suti nzuri ambayo haikuonyesha kitu, hilo ndilo nililokuwa nalifikiria, Mungu anisamehe. Shelby alirudi kwake Tulsa jioni ile ile, na kwa mwaka mzima na zaidi simu zikawa za sikukuu tu. Mjukuu wangu Junie akatimiza miaka mitano nikiwa naangalia picha.

Nyumba ya mtu mmoja ina ukimya wake, jamani. Nilifika mahali nikawa nalijibu jokofu likinguruma. Kila nikisikia gari barabarani nasimama dirishani, linapita, nakaa.

Ndipo mwezi wa tano Shelby akapiga.

"Baba, njoo Jumapili tule chakula cha mchana. Tuone tutakavyokwenda. Mambo yakienda vizuri, kiangazi Junie aje akae kwako wiki moja."

"Wiki moja?"

"Wiki moja. Ila usije nayo. Hata kwenye gari sitaki. Niahidi."

"Nakuahidi, mwanangu."

"Useme kweli, baba."

"Shelby, nimesema nakuahidi."

Niliukata ule mti uliokuwa unaziba dirisha la chumba chake cha zamani. Nikakaza skrubu za kitanda, nikafua shuka mara mbili kwa sababu mara ya kwanza zilitoka bado zinanukia kabati. Nilinunua fimbo ya kuvulia samaki ya mtoto, ya rangi ya waridi, na Dub akanicheka mpaka akakaa chini. Cheka wee, nikamwambia, wewe una wajukuu tisa wanakumalizia soda.

Jumapili asubuhi niliivua bastola pamoja na mfuko wake wa ngozi, nikaiweka kwenye sefu, nikafunga. Nikatoka, nikarudi kuangalia kama nimefunga. Suruali ilinilegea ikabidi nisogeze mkanda tundu moja. Njiani, zaidi ya saa mbili, nilijiona mwepesi upande mmoja, sipendi kusema uongo. Lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimetimiza ahadi, na kwenye kiti cha pembeni nilikuwa na pai ya njugu za pekani niliyoioka mwenyewe, imeungua kidogo tu.

Shelby alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa amezikata nywele, akafanana na mama yake kiasi kwamba nilisahau kusalimia. Akafungua mikono.

"Baba."

Nikamkumbatia. Nikampiga mgongoni mara mbili, nikatoka, nikampa pai. Uso wake ulibadilika hapo hapo, na mimi, mtu mzima hovyo, nikadhani ameona ilivyoungua.

Mumewe alikuwa zamu hospitali, kwa hiyo tulikuwa watatu. Kulikuwa na nyama ya moshi, maharage, mkate wa mahindi. Junie ana meno mawili yaliyong'oka na maneno yasiyoisha.

"Babu, wewe una farasi?"

"Sina farasi. Nina bwawa."

"Bwawa lina farasi?"

"Lina samaki."

"Wakubwa kama nani?"

"Wakubwa kama mdomo wa mama yako alipokuwa mdogo akilia."

Akacheka mpaka kijiko kikaanguka, nikachuchumaa kumwokotea. Akataka kunipanda mapajani kutoka kulia. Nikamwambia, "Huku, mama, njoo huku," nikamzungusha kushoto. Dakika chache baadaye akaja tena kutoka kulia, nikamzungusha tena. Huku, mama, huku. Sikujua kama nafanya hayo. Naapa mbele za Mungu, sikujua. Shelby ndiye aliyekuwa anaona. Amekulia nyumbani kwangu, anajua kila kitu ninachofundisha tangu kabla sijaanza kukifundisha.

Tulipomaliza kula akasema, "Junie, nenda nje ukacheze bembea."

"Sitaki bembea."

"Junie."

Mtoto akaenda. Shelby akafunga mlango wa nyuma taratibu, akaegemea sinki.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi nini?"

"Usinifanye mjinga, baba. Nimekuona mlangoni. Umekaa kiti cha ukutani. Umechuchumaa kuokota kijiko kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Mtoto kakujia mara mbili ukamhamisha mara mbili. Umekuja nayo nyumbani kwangu, kwa mtoto wangu!"

"Sina, Shelby. Iko kwenye sefu."

"Basi funua shati."

Damu ilinipanda. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua vizuri sana. Funua."

Nilikuwa na hasira, tena hasira ya mtu aliyeonewa, ambayo ina utamu wake. Miaka thelathini sijawahi kulifunua shati mbele ya mtu yeyote. Polisi waliwahi kunisimamisha barabarani nikawaambia kwa mdomo, mikono kwenye usukani, kama sheria inavyotaka. Na sasa mtoto niliyemzaa ananipekua jikoni. Nikashika shati nikalipandisha mpaka kifuani, mbele, pembeni, nikageuka hata nyuma.

"Haya! Umeona? Umetosheka?"

Hapakuwa na kitu isipokuwa tumbo la mzee na mkanda. Na pale juu ya nyonga ya kulia, sugu. Ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, upana wa kiganja, mahali mfuko ulipokaa miaka yote hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaitazama siku nyingi.

Shelby aliiangalia sana. Nilingoja aniombe radhi. Nilishaandaa hata jibu, nilitaka kumwambia yamekwisha, mwanangu, hebu tukate pai.

Akavuta kiti akakaa.

"Kumbe hukuwa nayo," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Baba, unajua nilikuwa naichukia ile bastola kuliko kitu chochote? Tangu nina miaka saba. Nilikuwa najiambia, baba anataka kunikumbatia, ila kile kitu kiko njiani. Siku akiivua atanikumbatia." Alikuwa anaongea polepole, hata hasira haikuwepo tena, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Leo umeivua. Umeiacha mbali huko. Na bado."

"Ni mazoea tu, Shelby. Mwili umezoea."

"Najua ni mazoea. Ndicho ninachokuambia."

"Nitajirekebisha."

"Kabla ya kiangazi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Shati lilikuwa bado mkononi mwangu, nikalishusha.

"Junie hatakuja mwaka huu," akasema. "Siyo kwa sababu ya bastola. Ukimwahidi mtu unatimiza, hilo nimeliona. Ila wiki nzima utakuwa unamsogeza hivyo, na atarudi hapa anajiuliza amekosa nini. Mimi nilijiuliza miaka, baba. Nilidhani nanuka."

Uchungu ule sijui niuseme vipi. Nilikuwa nimejiandaa kuonekana mwongo, nikashinda kesi ile, halafu nikapoteza kila kitu kwa ushahidi wangu mwenyewe. Ningekuwa nayo kiunoni angenifokea, ningeomba msamaha, na mwezi wa saba ningemwonyesha mtoto bwawa.

Sikukaa sana baada ya hapo. Pai ilibaki nzima mezani. Mlangoni Shelby hakufungua mikono, alinishika tu mkono wa shati, hapa kwenye kiwiko, akaniambia niendeshe taratibu. Mimi nilisimama nikitaka kumvuta kwangu, na sikujua nianze na mkono gani.

Junie akaja mbio kutoka kwenye bembea. Alikuwa anatokea kulia kwangu, moja kwa moja, miguu peku. Alipofika hatua mbili akakumbuka. Akazunguka nyuma yangu, akatokea kushoto, akakumbatia mguu wa kushoto.

"Huku, babu," akasema. Alikuwa anajivuna kwamba ameshika.

Shelby aliangalia pembeni. Nikampapasa mtoto kichwa, nikaingia kwenye pikapu. Kwa chakula kimoja cha mchana nilikuwa nimeshamfundisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja ukumbini. Tulipitia sheria, tukalenga shabaha, tukarudi kwenye adabu. Nilipofika kwenye kukumbatiana, kijana mmoja anaitwa Garrick, fundi wa paa, ameoa mwaka huu, akainua mkono.

"Mzee Teague, na mke wangu je? Nikirudi nyumbani kutoka kazini?"

Swali hilo huulizwa kila darasa, na kila darasa nina jibu moja: mkeo anajua iliko, aje kutoka upande wa pili. Dub alikuwa ameshaanza kutabasamu kulisubiri.

"Ivue kwanza," nikasema.

"Samahani?"

"Ingia kwa mlango wa nyuma. Ivue, iweke kwenye sefu, ufunge. Halafu urudi mlangoni ukamsalimie upya. Na mtoto vivyo hivyo, ukijaliwa. Kila siku. Hata ukiwa umechoka."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa mzee. Nikasubiri wamalize, na walipoona sicheki wakanyamaza mmoja mmoja.

"Dub," nikasema, "njoo hapa mbele."

Dub akaja kutoka kushoto, kama kawaida yake. Nikamwambia asimame mbele yangu, uso kwa uso. Asubuhi ile nilikuwa nimekuja mtupu kiunoni, na hakuna aliyejua, kwa sababu kwangu haijawahi kujulikana.

"Mikono miwili," nikawaambia darasa, nikaifungua.

"We Harlan, una nini leo?" Dub akaninong'oneza. "Unaumwa?"

"Nyamaza. Simama hapo hapo."

Nikamkumbatia. Kiwiko cha kulia kikashuka chenyewe kikabana mbavu. Nikakiinua, kikashuka tena. Watu kumi na mmoja walikuwa wanatazama, kalamu mkononi, wakisubiri nimalize niwaonyeshe inavyofanywa.