Ukurasa wa Pili wa Daftari la Zahanati

Jina la Bi Nyaraka alipewa na watunza nyaraka wenyewe, maana alikuwa mtu wa kufika mlango unapofunguliwa na kuondoka akishafukuzwa. Kitabu chake juu ya manowari iliyozamishwa na ndege wakati wa vita kilimfanya ajulikane. Mabaharia themanini na wawili walikufa asubuhi ile, na yeye ndiye aliyewaambia watu sababu: baharia aliyekuwa zamu ya kuangalia anga hakuwepo mahali pake. "Aliacha zamu," aliandika. Maneno mawili tu, lakini jamani, maneno gani hayo!

Ushahidi alikuwa nao. Kituo cha redio cha nchi kavu kiliandika kwamba bomu la kwanza liliipiga meli saa mbili na dakika arobaini. Daftari la zahanati ya meli, lililookolewa pamoja na majeruhi, lilionyesha kwamba saa mbili na nusu baharia yule alikuwa kwa tabibu, akitiwa dawa ya macho. Chini yake tabibu aliandika: "Karudishwa zamu saa tatu kasoro dakika kumi." Bi Nyaraka aliusoma mstari huo akacheka. Mabomu yameshaanguka, nani anarudishwa zamu? Akaamua kwamba tabibu alikuwa anamfichia mwenzake.

Kitabu kilipotoka, binti wa baharia, fundi cherehani, alimwandikia barua: "Baba yupo hai na anasema hakuacha zamu. Njoo umsikilize mwenyewe." Bi Nyaraka alimjibu kwa mstari mmoja: "Watu husahau, bibie, lakini karatasi hazisahau." Alilipenda sana jibu lile. Alikuwa akilisimulia kwenye mihadhara, na watu walicheka.

Miaka minane ikapita. Kitabu kikawa kinatolewa upya, na mhariri akataka picha safi zaidi ya ukurasa ule wa zahanati. Ile ya zamani Bi Nyaraka aliipiga mwenyewe haraka haraka, ukurasa mmoja tu, kwa sababu siku ile chumba kilikuwa kinafungwa kwa chakula cha mchana na yeye njaa ilimbana. Ndiyo, njaa! Mtu kahukumiwa kwa sababu ya tumbo la mtu mwingine.

Mtunza nyaraka alimwekea daftari mezani. Halikutaka kulala sawa, basi Bi Nyaraka akalifungua mbele kidogo ili alikandamize uti wake. Macho yakaangukia ukurasa wa pili, mwandiko uleule wa tabibu: "Saa tatu na dakika thelathini na nane, mlinzi wa anga apiga kengele. Watu wapanda juu. Saa tatu na dakika arobaini, bomu la kwanza."

Kwanza alidhani tabibu kakosea. Kisha akakumbuka jambo aliloliandika mwenyewe kitabuni. Meli ilitoka bandari ya mbali, na saa zake zilikuwa mbele ya saa za nchi kavu kwa saa nzima. Daftari hili lilifuata saa ya meli, redio ikafuata saa ya nchi kavu, na yeye, mtafiti mzima, alizisoma kama saa moja. Baharia alitiwa dawa, akarudi, akakaa zamu karibu saa nzima, akaziona ndege, akapiga kengele. Wote waliookoka waliokolewa na dakika mbili zile.

"Vipi dada, umeona jini?" mtunza nyaraka alimuuliza.

Bi Nyaraka akamgeuzia daftari. Alitamani ardhi ipasuke.

Alipompigia mhariri, mhariri akasema, "Tia tanbihi chini ya ukurasa, yaishe. Nani husoma tanbihi?" Na tusimsafishe bure: siku tatu nzima Bi Nyaraka aliiandika tanbihi ile akiifuta, akitafuta namna ya kusema kosa lilitokea bila kusema nani alikosa. Siku ya nne aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Akachukua nakala ya ukurasa, akaenda kwa yule fundi cherehani, binti wa baharia.

Fundi alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Mshono ulipofika mwisho akakata uzi.

"Baba alikufa miaka miwili baada ya kitabu chako," alisema. "Mwanzoni alibisha. Alikisoma mara nne. Mwisho akaniambia, 'Mwanangu, mama yule kasoma makaratasi, na mimi ni mzee. Huenda kweli niliondoka.' Kengele kaipiga kwa mikono yake, halafu akaamini hakuipiga."

"Nisamehe," Bi Nyaraka alisema.

"Usiniombe mimi. Mimi sikuwahi kukuamini." Fundi akatoa simu, akaiweka kwa sauti ya juu. "Tupo watano kwa baba yetu. Wanne waambie wewe."

Akawaambia. Mmoja alilia, mmoja alimtukana, mmoja alikata simu, na wa nne alimwombea heri, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

"Bado baba mdogo," fundi alisema. "Pacha wake huyo mzee alikufa kwenye meli ileile, na tangu asome kitabu chako hakumsemesha baba tena."

Akampigia. Masikio ya mzee yalikuwa mazito. "Nani kakosea?"

"Mimi, mzee wangu."

"Sisikii! Nani?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakainua nyuso. Bi Nyaraka aliishika simu kwa mikono miwili, akapaza sauti mpaka ikafika barabarani. "Mimi! Kaka yako aliipiga kengele! Mimi ndiye niliyeandika uongo!"



"Ooh," mzee alisema mwishowe. "Sasa unaniambia leo, mwanangu? Mimi sikwenda hata kumzika kaka yangu."