Chungu cha Nyasi za Paa

Placidia alirudi nyumbani Kiruruma akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, fimbo yake mapajani. Mwanawe Yustus aliisukuma baiskeli ile kwa miguu tangu hospitali ya Nyakahanga, na kila walipofika penye mawe alisimama, akamzungushia mama yake mkono kiunoni, ndipo akapita. Miezi mitatu Placidia alikuwa amelala wodini mguu ukiunga. Walipokaribia kona ya mwisho, Yustus akamwambia afumbe macho.

"Nifumbe macho, mimi mtoto?"

"Fumba tu, Mama."

Akafumba. Alipofumbua, nyumba yake ya msonge haikuwepo. Pale pale ilipokuwa ilisimama nyumba ya matofali, bati jipya likimeremeta juu yake mpaka macho yakauma. Yustus alisimama kando akimtazama usoni, kama alivyokuwa akimtazama zamani akileta ripoti ya shule.

Placidia alijua mwanawe anangoja nini, akampa. Alipiga vigelegele kwa sauti iliyobaki kifuani, akamshika mikono. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge. "Umeniheshimu mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie." Na alimaanisha hivyo. Ule msonge ulikuwa umeanza kuinama, kila mtu aliuona, na kijana alijinyima msimu mzima wa kahawa ili mama yake asije akafunikwa na paa.

Lakini alipoingia ndani alisikia harufu ya saruji mbichi, na ya mafuta machafu ya gari yaliyopakwa kwenye mbao mchwa wasizile. Basi. Hapakuwa na harufu nyingine.

Mumewe, Gaudiosus, alikuwa amefariki miaka minne kabla, mwaka wa themanini na tatu. Kila msimu wa kahawa Gaudiosus ndiye aliyechemsha akamwani, kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni. Alichuma buni zikiwa bado za kijani, akazitia kwenye chungu pamoja na mchaichai na mrehani, zikachemka taratibu kutwa nzima katikati ya nyumba, kisha akazianika. Miaka thelathini na zaidi mvuke ule ulipanda pamoja na moshi, ukaingia kwenye nyasi za paa na kukaa humo. Hata baada ya mazishi, Placidia aliishi miaka minne bila hofu ya kumsahau.

Sasa hofu ilimwingia. Akijaribu kuukumbuka uso wa mumewe, ulikuja ule wa picha ya kitambulisho cha chama cha ushirika, macho yamemtoka kama anayedaiwa jibu. Gaudiosus hakuwa vile hata siku moja.

Hakumwambia mtu. Alihamia tu jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, akisema anaangalia maharage yasiungue. Maharage yalikwisha kuiva, yeye bado yupo. Aliyeona ni mkamwana wake, Mukandekezi.

"Mama, leo ni siku ya sita unalinda maharage," alisema, akichuchumaa kando yake. "Nani atayaiba?"

Placidia akacheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Usimwambie mumeo. Nyumba ni nzuri. Ila baba yenu hayumo."

Mukandekezi hakucheka, wala hakumwambia ajikaze. Yeye mwenyewe aliletwa Karagwe kutoka Rwanda akiwa mgongoni. "Mama yangu alikuja na nguo moja iliyonuka nyumba yetu," alisema. "Alikataa kuifua. Tulimtania sana, mpaka leo najuta." Akasukuma ukuni ndani ya moto. "Niambie nyumba ilinukaje. Tutaipika."

"Nyumba haipikwi, mwanangu."

"Tutajaribu. Kuni tunazo."

Siku ya kwanza Mukandekezi aliweka jiko la mkaa sebuleni, akainjika sufuria yenye mchaichai, maganda ya machungwa na kipande cha mdalasini kutoka dukani. Nyumba ikanukia vizuri, hata watoto wa jirani wakaja kuuliza kama kuna sherehe. Placidia alivuta pumzi, akasema, "Inafanana."

"Mama, hujui kudanganya."

"Inanuka chai ya harusi," Placidia akakubali, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ya pili walichuma buni, wakachemsha akamwani yenyewe, kwenye chungu badala ya sufuria. Ikakaribia. Ilikuwa kama kusikia sauti ya mtu unayemjua akiongea nyumba ya pili. Unajua ni yeye, maneno huyapati. Placidia alilala na hamu kubwa kuliko ya jana.

Asubuhi yake Mukandekezi alimkuta amekaa kizingitini, akajichapa paja kwa kiganja. "Moshi! Tumesahau moshi, Mama. Na nyasi zenyewe za paa zipo. Niliitandazia migomba mimi mwenyewe!"

Akaingia kwenye migomba na jembe. Nyasi za juu zilikuwa zimepauka na kuoza, lakini chini yake, kwa sababu ilikuwa kiangazi na mvua haijanyesha tangu paa lishushwe, kulikuwa na mafungu makavu, meusi kwa masizi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Alirudi na fungu kifuani, gauni lote limechafuka. Akaliosha vumbi kidogo tu, akalifunga kwa uzi wa mgomba, akalitumbukiza chunguni pamoja na buni, mchaichai na mrehani.

Walikaa na chungu kile sebuleni tangu saa nne. Moto mdogo, maji yakipungua yanaongezwa. Adelgunda, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuja kumjulia hali mgonjwa, akafunua kifuniko.

"Yesu wangu! Placidia, hospitali wamekutibu mguu wakaacha kichwa? Mnapika paa?"

"Karibu, tutakupakulia bakuli," Mukandekezi akasema.

"Nipakulie na bati kidogo, nina njaa." Adelgunda alicheka mwenyewe, lakini alipoambiwa sababu aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa na wenzake kulinda chungu.

Saa zikapita. Placidia alikuwa ameinamia chungu, mvuke ukimlowesha kidevu. Alivuta pumzi hadi kifua kikauma. Hakusikia kitu. Maji ya moto tu.

"Vipi, Mama?"

Akatikisa kichwa. "Nadhani hata pua yangu imeanza kumsahau." Alisema polepole, na Mukandekezi akageuza uso, akajifanya anachochea mkaa.

Jua lilipolegea Adelgunda aliaga. Placidia akashika fimbo. Mgeni hasindikizwi na mtoto wakati mwenye nyumba yupo, na tangu atoke hospitali alikuwa hajamsindikiza mtu. Walitembea hatua kwa hatua hadi barabarani, Adelgunda akipunguza mwendo kila mara na kusingizia kuwa ni kandambili zake. Waliagana. Upepo mkavu wa kiangazi ulivuma kutoka mashambani, ukanuka vumbi na majani ya migomba. Placidia akarudi peke yake, akihesabu hatua kwa ajili ya mguu, akili iko kwenye mguu tu.

Akafika mlangoni, akainua mguu wa kwanza kuvuka kizingiti.

Ikamjia yote. Kahawa, masizi, mchaichai, nyasi zilizozeeka juu ya vichwa vya watu. Na Gaudiosus akanyanyuka kutoka penye chungu, kama alivyonyanyuka kila jioni Placidia aliporudi na mzigo wa kuni, akaja kumtua kichwani, mdomo umejaa buni, anataka kusema jambo na hawezi. Uso wake ulikuwa ule hasa, wenye mkunjo mmoja wa kicheko upande wa kushoto.

Placidia hakuingia. Alielewa ghafla kwamba akiingia na kukaa, baada ya pumzi kumi pua itazoea kama ilivyozoea mchana, na Gaudiosus ataondoka tena. Akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, amekumbatia fremu ya mlango.

Hivyo ndivyo Yustus alivyomkuta alipotoka shamba. Akaegemeza baiskeli ukutani. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Kumbe kweli huitaki nyumba. Naona kila siku unavyolala jikoni. Mbona hukuniambia?"

"Njoo hapa. Usiingie haraka."

Alikuja, akasimama karibu yake. Alitaka kuongeza neno, harufu ikamfikia. Akavua kofia. Walisimama hivyo, mama ameshika mkono wa shati la mwanawe, na ndani Mukandekezi akafunika chungu nusu ili harufu isiishe upesi.

"Baba alikuwa anazidisha mchaichai," Yustus akasema mwishowe.

"Alizidisha sana," alisema Placidia. "Nilimgombeza kila mwaka."