Jumanne ya Kina Pelkonen

Jumatatu tarehe 15 Juni, saa nne na robo asubuhi, Vern Kochevar, fundi wa ushirika wa simu na intaneti wa mji wa Harju, aliegesha gari mbele ya nyumba ya kina Pelkonen, akavua viatu vyake vya kawaida na kuvaa buti za theluji. Barabarani ilikuwa Juni na mbu walishaanza kazi. Ndani ya geti la Pelkonen ilikuwa bado Machi, theluji inafika magotini, na moshi mwembamba unatoka kwenye bomba la jiko. Marge, jirani wa upande wa pili, alikuwa anatoka na ndoo aliyojaza theluji ya kugandishia aiskrimu. Walisalimiana, wakawalaani mbu kidogo, kila mmoja akashika njia yake.

Kadi ya kazi ilisema: kivinjari hakifungui ukurasa. Ilma Pelkonen alikuwa amepiga simu ya malalamiko tarehe 24 Machi, na simu hiyo ikafika ofisini tarehe 12 Juni. Kwa ushirika ule, huko si kuchelewa sana.

Ilma alimfungulia mlango akiwa amevaa aproni. Alikuwa na miaka sabini na sita na mgongo ulionyooka kuliko wa Vern.

"Buti ziache hapo. Kahawa ipo."

Jikoni, karibu na dirisha, mumewe Reino alikuwa ameketi na mrija wa oksijeni puani. Mbele yake palikuwa na bakuli la supu ya samaki na viazi, na alikuwa analitazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

"Mtoto wa Kochevar," alisema. "Babako alikuwa anashika bisibisi kama anakoroga kahawa. Umerithi?"

"Mimi bisibisi nimeacha, mzee. Nashika kipanya tu."

"Afadhali. Usalama wa watu wote."

Mambo yalikuwa hivi, na Harju nzima iliyajua. Reino alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kinu cha kuponda mawe, pale mgodi wa chuma, na mapafu yake yakajaa vumbi. Daktari wa mgodi alimpima, akaandika kwenye faili, penye nafasi ya chanzo cha ugonjwa: sigara. Reino hajawahi kuvuta sigara hata moja. Nyumbani alikolelewa, hata kucheza karata kulikuwa dhambi. Neno lile lilimuuma kuliko kikohozi.

Kisha ikaja Orodha. Ofisi moja ya mji mkuu wa jimbo ilitangaza kwamba kila aliyeugua kwa kazi ya mgodini aandike jina lake na chanzo cha ugonjwa wake, mwenyewe, akiwa hai, kabla ya mwisho wa Machi. Majina yatabandikwa ukutani katika kila mji wenye mgodi. Karatasi hazipokelewi, ni kwenye ukurasa wa intaneti tu. Januari yote ukurasa huo ulikuwa unaboreshwa. Februari uliboreshwa tena. Jumatatu tarehe 23 Machi daktari wa mji wa Duluth alimwambia Reino kwamba Ijumaa hataivuka. Kesho yake, Jumanne, ukurasa ukafunguka. Reino alijaza kila kitu kwa kidole kimoja, kwenye chanzo akaandika vumbi, akabonyeza Tuma. Duara dogo likaanza kuzunguka, na chini yake pakaandikwa: Tafadhali subiri. Usifunge ukurasa huu.

Ilma ni mtu anayesoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga mpaka mwisho na kuyafuata. Hakufunga. Walisubiri, na nyumba ikasubiri nao. Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumanne tarehe 24 Machi, na iliyofuata vilevile. Kwa kuwa Jumanne ni siku ya supu ya samaki, walikula supu ya samaki. Huko mjini kaburi la Reino lilikuwa limeshachimbwa, na mchungaji alilifunika kwa turubai ili watoto wasitumbukie.

Vern alikaa mbele ya kompyuta, iliyokuwa kwenye kona ya jikoni. Duara lilikuwa linazunguka.

"Hili limezunguka tangu lini?"

"Tangu leo," alisema Ilma.

Alikagua waya mmoja mmoja. Alizima kisanduku cha intaneti, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Alifuta kumbukumbu za kivinjari, zote, isipokuwa ukurasa ule, maana kila mkono wake uliposogea karibu nao, Ilma aliuweka wake juu ya kipanya.

"Wamesema tusifunge."

"Siufungi, mama. Nafungua mwingine pembeni."

Alifungua dirisha jingine pembeni, akaandika anwani ya Orodha. Ukurasa ulikataa. Alijaribu kivinjari cha pili, nacho kikakataa kwa maneno yaleyale: muunganisho si salama, saa ya kompyuta yako iko nyuma. Vern akafurahi. Tatizo la saa ni la dakika moja. Aliangalia kona ya kioo, ikasema tarehe 24 Machi. Akaangalia kalenda ya ukutani, 24 Machi. Akachungulia nje, theluji. Furaha ikamtoka. Hakukuwa na saa ya kurekebisha, kwa sababu saa ilikuwa sawa.

Alitoa simu yake akapiga ofisi ya Orodha. Alipokea dada mmoja mwenye sauti nzuri.

"Huku kwetu ukurasa unafunguka vizuri tu," alisema dada.

"Huku haufunguki."

"Mmefuta kumbukumbu za kivinjari?"

"Nimefuta."

"Mmezima mkawasha?"

"Dada, mimi ni fundi. Nimezima, nimewasha, nimebembeleza."

"Huko kwenu leo ni tarehe ngapi?"

Vern alimtazama Ilma. "Hapa jikoni ni tarehe 24 Machi."

Zikasikika herufi zinabonyezwa. "Basi msiwe na wasiwasi, bado mna wiki nzima."

"Siwezi kukutajia jina ukaandika wewe? Mwenyewe yuko hapa, anakusikia."

"Hapana, kaka. Lazima litoke kwenye ukurasa."

"Na huko kwako ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tano Juni."

"Kwa hiyo kwako muda wa majina umeshaisha."

"Kwangu ndiyo. Kwenu bado," alisema dada, akamtakia siku njema.

Vern aliweka simu mezani na kuwaeleza hali ilivyo, polepole, bila kupamba. Wakiuacha ukurasa ule ulivyo, itabaki Jumanne, na muda wa kuandika jina utakuwa haujaisha, ila jina halitafika kamwe. Wakiufunga na kuufungua upya, nyumba itaufikia mji kwenye kalenda, ukurasa utafunguka, na itakuwa Juni.

"Na Ijumaa iko katikati hapo," alisema Reino.

"Iko hapo, mzee."

"Basi hatufungi," alisema Ilma. "Tunasubiri. Mimi sijachoka. Wewe umechoka, Vern? Mbona unanitazama hivyo?"

"Mimi nimechoka," alisema Reino.

Ilma aligeuka kwenye jiko akaanza kusugua sufuria safi.

"Nimekula supu hii ya samaki siku themanini na tatu," Reino aliendelea. "Sikatai, ni nzuri. Lakini mama, mimi naomba Alhamisi."

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere kavu na pankeki ya kuokwa. Reino hakuomba Jumamosi, ingawa Jumamosi ni siku ya sauna, kuoga kwa mvuke, na aliipenda sauna kuliko kitu chochote duniani. Alijua kuhesabu.

"Na jina lako?" aliuliza Ilma bila kugeuka. "Wabaki wanasema ulivuta?"

"Nilitaka lile neno liondoke," alisema Reino. "Nililitaka sana. Ila naona mlango ule hauna mtu nyuma yake."

Ilma alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta kwa aproni. Kisha akaloweka njegere, kwa sababu lazima zilowekwe siku moja kabla. Reino alijivuta mpaka kwenye kompyuta akaufunga ukurasa mwenyewe, kwa kidole kilekile. Duara likatoweka.

Jumatano ilipita kwa dakika kumi hivi, Vern akiwa anakunja waya zake. Mwanga wa dirishani ulikuja na kuondoka. Ilipofika Alhamisi ilitulia, sijui kwa nini, ikakaa karibu saa nzima. Njegere zilikuwa zimelainika. Ilma alipika, akaoka pankeki, na Vern akalazimishwa kukaa, maana kanuni za ushirika zinamtaka fundi asubiri kuhakikisha kilichotengenezwa kinafanya kazi.

Reino alikula mabakuli mawili. "Chumvi imezidi," alisema.

"Haijazidi."

"Imezidi, mama. Niongezee."

Ijumaa iliingia saa nane mchana. Ilma alivuta kiti chake akakisogeza karibu na cha mumewe, akamshika mkono, na Vern akasimama kibarazani akitazama theluji. Alikumbuka baadaye kwamba kikohozi kilikoma mara moja, katikati. Kisha siku zikaanza kukimbia. Theluji ikazama, maji yakapita chini ya ngazi, nyasi zikachomoza, na kile kichaka cha maua ya zambarau kilicho kando ya geti kikachanua chote kwa pamoja. Mbu wakaingia uwanjani. Pale kitini Reino alikuwa amefariki nusu saa iliyopita, na kwenye kalenda wiki kumi na moja zilizopita. Mchungaji aliandika tarehe zote mbili kitabuni.

Kabla ya kumwita mchungaji, Vern alirudi ndani, akaandika anwani ya Orodha, akabonyeza. Ukurasa ulifunguka papo hapo. Ulisema: Muda wa kupokea majina ulikwisha tarehe 31 Machi. Asante kwa ushirikiano wako. Kwenye kadi ya kazi Vern aliandika: kivinjari kinafungua. Hakuwa na neno jingine la kuandika, na jambo hilo lilimkera wiki nzima.

Walimzika Jumatano. Cheti cha kifo kilitoka kwa mganga wa wilaya, ambaye alinakili faili la mgodi, kwa hiyo nacho kilisema sigara. Orodha ilibandikwa ukutani kwenye ukumbi wa mji mwezi Agosti. Inatoka Pekkala inaingia Perko, na kati yao, mahali pa Pelkonen, hakuna mtu.

Ijumaa baada ya mazishi Vern alirudi kuchukua tochi aliyoisahau. Alimkuta Ilma ameketi mbele ya kompyuta, mikono juu ya magoti. Chini ya ule ukurasa wa Orodha kulikuwa na swali dogo: Je, tatizo lako limetatuliwa? Ilma alikuwa amebonyeza Hapana. Kikatokea kisanduku kilichomwomba aeleze kwa ufupi. Alieleza kwa ufupi, akabonyeza Tuma, na duara likaanza kuzunguka.

"Wamesema tusubiri," alisema. "Kahawa ipo."

Sasa ni Novemba, na Harju ina theluji tangu katikati ya Oktoba. Kwa Ilma bado ni Ijumaa tarehe 19 Juni, na maua ya zambarau hayajapukutika. Marge huenda kumkatia nyasi kila asubuhi, kwa sababu kila asubuhi zinahitaji kukatwa, na hurudi na shada la maua ambalo hunyauka likifika barabarani. Ilma yuko mezani, mgongo umenyooka. Aliandika neno moja, Hakuvuta, na neno hilo bado linatumwa.