Sindano za Yvette

Anésie hakuwa nesi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Westmead, ughaibuni, na ni kazi halali, haina aibu. Lakini kanisani kwao, mtaa wa Fairfield, waliona zile nguo zake za kazi wakamwita Nesi, naye akaitika. Cheo kitamu, jamani! Aliitika miaka sita.

Ndiyo maana Yvette, mke wa kaka yake Balagizi, alimletea yeye vichupa vya dawa ya kupunguza mwili. Alivinunua kwa mwanamke wa WhatsApp: unga mweupe, hauna jina wala karatasi, eti unachanganya na maji mwenyewe. Mdogo wake Yvette alikuwa anaolewa, na kitenge chake Yvette cha sare ya harusi kilikuwa kimeshonwa kwao Bukavu kwa vipimo vyake vya zamani. Hakikupita hata kiunoni. Hapo Anésie angesema sijui. Angepungukiwa nini? Badala yake alikunja uso kama mtaalamu, akavuta dawa kwa kukisia, akamchoma wifi yake tumboni.

Wiki ya kwanza Yvette alitapika. Anésie akamwambia ni mafuta yanatoka. Mafuta! Wiki ya tatu kitenge bado kinabana, akaongeza dawa maradufu.

Siku nne baadaye Yvette alishindwa kusimama. Maumivu yalimkata tumbo yakatokea mgongoni, hata maji hayakai. Hospitalini daktari aliwaambia kongosho limevimba vibaya, na dawa ile haijaidhinishwa, hakuna anayejua kilichomo. Alitaka kujua amechomwa kiasi gani.

"Dada yangu ni nesi," Balagizi akajibu. "Atakueleza."

Anésie alitamani kukimbia. Lakini Yvette alikuwa analia pale kitandani, midomo imemkauka, na uongo mwingine ungeweza kumuua.

"Mimi si nesi," akasema. "Nilikisia. Nilijaza sindano nusu, halafu nikaijaza yote."

Daktari akaandika, akatoka haraka. Balagizi akamgeukia dada yake. Anésie alingoja matusi, na aliyastahili.

"Na mama?" Balagizi akauliza taratibu. "Siku aliyofariki nilikupigia simu, nikakwambia kifua kinamuuma. Ukasema ni gesi tu, tusihangaike na hospitali. Ulikisia pia?"