Picha Mbili za Mwezi Mmoja

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, jua la Beni likizama, Rachida alipanda ngazi za nyumba ya shemeji yake Lukman, ghorofa ambayo tangu mwaka juzi haijapata paa. Mkononi alikuwa na tende tatu, moyoni hasira kidogo. Unga wa sambusa ulikuwa unakauka jikoni, na binti yake Safi yuko huko juu na darubini ya mtumba aliyoletewa na Lukman kutoka Kampala.

"Safi! Huo mwezi ndio utatukaangia sambusa?"

"Mama, kanyaga polepole! Usitikise!"

Safi alikuwa mwaka wa pili wa fizikia kule Butembo, amekuja nyumbani kwa Idi. Alikuwa ametoboa kifuniko cha margarini, akakibandika kwenye simu kwa gundi ya karatasi mpaka jicho la simu likakutana na jicho la darubini. Akapunguza mwanga kwa kidole, akategesha sekunde tatu ili simu ijipige yenyewe. Wingu lililolala juu ya msitu likapasuka kidogo. Safi akainama, akashika pumzi. Simu ikapiga mara nne. Wingu likafunga. Rachida alipoweka jicho lake, aliona kijivu tu.

"Nimeuona, Mama. Kwanza na jicho yangu, kisha simu."

Kwenye simu kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga, pembe zikitazama chini.

"Huu mwezi umeanguka kichwa? Huku kwetu mwezi unalalaka na mugongo."

"Ni darubini, Mama. Inageuzaka kila kitu chini-juu. Nitabaelezea bazee."

"Bazee ba siku hizi hawana masikio ya fizikia. Nitumie moja."

Rachida alikuwa na diploma ya uongozi wa biashara na duka la vitenge, na hakupenda kuitisha mkutano kwa kitu kinachoweza kunyooshwa kwa mkono. Akishuka ngazi, aliigeuza picha, pembe zikatazama juu, akakata ukingo mweusi, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa msikiti: *Mwezi umeonekana. Safi wangu ndiye aliyeuona.* Safi naye alikwisha kimbilia msikitini na picha yake, jinsi ilivyotoka.

Sambusa hazijaiva, akaitwa.

Uani kwa msikiti walikaa wazee watatu. Mzee Ramazani, aliyepokea ushahidi wa mwezi kila mwaka, alikuwa na simu mbili magotini, ya Safi na ya mke wake. Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mama Safi, karibu. Mutoto wako anasema aliona mwezi, na darubini inageuza. Nikasema sawa, sijasoma hayo, lakini niko namusikiliza. Sasa hii ya bamama, pembe ziko juu. Darubini ni moja, mutoto ni mumoja. Nani aligeuza?"

Rachida alifungua kinywa. Mlangoni alimwona Falonne, mke wa mwuza mafuta, ambaye Rachida mwenyewe wiki mbili tu nyuma alimsema mbele ya kundi zima kwa kusambaza picha iliyochezewa. "Mwenye kugeuza picha anageuza na maneno," ndivyo alivyoandika, na akina mama hamsini wakaweka vidole gumba. Falonne alikuwa anamtazama, kichwa upande.

"Sijui," Rachida akasema. "Simu hizi zina mambo mengi."

Safi aligeuka. Alijua picha ile ilipita mkononi mwa nani. Rachida alingoja aseme, binti akawageukia wazee.

"Basi," Ramazani akasema, bila ukali. "Ushahidi wenye sura mbili hatuushiki. Kesho tunafunga, tunatimiza thelathini. Na wewe, binti, mambo ya dini haichezewe na simu."

"Sikucheza, muzee," Safi akajibu.

Walirudi kabla ya saa ambayo askari hufunga barabara usiku.

Asubuhi Rachida alimkuta Safi jikoni, kikombe cha chai mbele yake, kimejaa, hakina mvuke tena.

"Utakunywa?"

"Nikikunywa, batasema nimeshupaa. Nisipokunywa, nimekubali kama nilidanganya." Akakisukuma. "Wewe unajua nilifanya nini, Mama. Uniambie. Ninywe?"

Rachida aliosha sufuria iliyokuwa safi. Safi akaimwaga chai chini ya mgomba, akafunga mpaka jioni.

Jioni hiyo mwezi ulisimama juu, mnono, hauhitaji darubini. Mtaa mzima ulitoka. "Eh! Huu si wa leo," watu walisema. "Huu ni wa siku mbili." Hakuna aliyetaja jina la Safi.

Baada ya swala ya Idi, Rachida alimfuata Ramazani, akina mama wakisikia, Falonne akiwa wa kwanza.

"Ni mimi niligeuza. Nilitaka isomeke vizuri. Mutoto alisema kweli."

Mzee akajibu: "Sisi tulifunga siku ya Idi bila kujua, Mama Safi, Mungu atatusamehe. Wewe ulijua."

Nyumbani Safi alikuwa anafunga mizigo ya Butembo. Rachida akamweleza kwamba amesema, mbele ya wote, na kwamba Falonne ameshangilia vya kutosha.

"Asante, Mama."

"Ni hivyo tu?"

"Ulikuwa na usiku muzima." Akavuta zipu ya begi. "Nilikuwa nakungoja mpaka kikombe ikapoa."

Darubini aliibeba mwenyewe, hakukubali ishikwe.

Mwezi uliofuata, jioni ya ishirini na tisa, Rachida alisimama uani, anga la Beni limefungwa lote kwa mawingu. Akamwandikia Safi: *Huko umeuona?*

Jibu lilikuja upesi. *Nimeuona.*

Alingoja picha mpaka simu ikajizima mkononi. Akaiwasha. Kulikuwa na lile neno moja.